Unene wa Mume Wangu

Mimi ni mwembamba tangu nizaliwe. Mama yangu alipenda kusimulia kwamba siku niliyozaliwa shangazi zake walinitazama, wakatazamana, kisha wakamshauri asijisumbue kunishonea nguo kwanza. Nikaishi. Nilikula ndizi kama watoto wengine, nikala maharage na samaki, nikanywa uji, na kila kilichoingia kilikwenda nisikokujua. Nilikua mrefu, nikabaki mifupa, ngozi na mdomo. Mdomo ndio peke yake ulionenepa, alisema mama.

Natanguliza haya kwa sababu ninayotaka kueleza ni habari ya mwili wa mume wangu, na mwili wake hauelezeki bila wangu kusimama pembeni.

Tulikutana wakati wa vita. Ndege zilipoanza kupita juu ya Bukoba, sisi tulioishi karibu na mji tulijitwika magodoro na masufuria tukaelekea kusini, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori ya kahawa. Familia yetu ilipokelewa Izigo na jamaa za baba. Nyumba ya jirani alikuwapo kijana aliyechinja mbuzi na kuuza nyama kwa mafungu juu ya majani ya mgomba. Naye alikuwa amekonda. Kila mtu alikuwa amekonda wakati ule, hata askari waliopita na magari kuelekea mpakani, kwa hiyo hakuna aliyenitazama mara mbili isipokuwa yeye.

Vita vilipokwisha akanioa. Kwa desturi yetu Wahaya, mugole, yaani bibi harusi, hafanyi kazi siku za mwanzo. Anakaa nyuma ya pazia, anapakwa samli, analishwa, halioni jua, na siku ya kutolewa watu wanakusanyika waone ukweni wamemtunza vipi. Unene wake ni heshima ya nyumba nzima. Mama mkwe wangu aliliona umbo langu akajua ana kazi. Aliniletea maziwa, ndizi zilizopikwa kwa samli, kuku, supu ya kwato. Kurudisha chombo kikiwa na chakula ni matusi, kwa hiyo nilipolemewa mume wangu alipenya nyuma ya pazia akanisaidia kumaliza. Alinisaidia asubuhi, akanisaidia mchana, akanisaidia jioni. Siku ya kutolewa wanawake walikuja na vigelegele, wakanitazama, vigelegele vikapungua. Kisha wakamwona mume wangu, mashavu yamejaa na shingo imeota mkunjo.

"Waitu, jamani," mmoja wao akauliza, "kwani mlimfungia ndani nani?"

Walicheka mpaka mama mkwe naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo.

Tangu hapo mume wangu hakurudi nyuma. Ilikuwa miaka ya kupanga foleni ya sukari na kuoga bila sabuni, na mtu mnene alipendeza machoni kwa sababu alituonyesha kwamba amani imerudi kweli. Alifungua bucha kando ya barabara iendayo Muleba, na biashara ikamkubali. Mteja akimkuta muuza nyama mwembamba hujiuliza maswali. Wangu hakuulizwa. Tumbo lilitangulia kutoka mlangoni, yeye akalifuata, na watoto wa shule walimwamkia wakicheka. Alikoroma hata akilala ubavu. Akishamaliza kula alisinzia palepale kitini, kijiko mkononi. Akipanda kilima kutoka kisimani alisimama kila baada ya migomba michache, akijifanya anakagua mikungu.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita kwa jina la kitambaa kilicholetwa na watu wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa wao ndio walioanza kuanguka. Baadaye redio ikatufundisha kusema UKIMWI. Nyumbani hatukutumia jina lolote. Tulisema, "Fulani amekonda," na mazungumzo yakaishia hapo, kila mtu akatazama pengine.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishonea barazani, jirani na bucha ya mume wangu, na miaka ile kazi yangu kubwa haikuwa kushona nguo mpya, ilikuwa kupunguza za zamani. Mtu analeta suruali nipunguze kiunoni. Baada ya muda anairudisha nipunguze tena. Safari nyingine haji mwenyewe, anamtuma dada yake. Nilijifunza kutouliza. Nilishona taratibu, nikaacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono, ili akipona nifumue na kuirudisha kama ilivyokuwa. Sikumbuki kufumua hata mshono mmoja.

Tukawa wote wasomaji wa miili. Kabla ya kumwitikia mtu salamu tulimpitia mashavu, shingo, mifupa ya mabega, nywele. Malaria ya wiki moja ilitosha kukuua midomoni mwa watu. Unaweza kufikiri mtu wa umbo langu aliishije. Kanisani nafasi ilibaki wazi kila upande wangu. Harusini nikigusa kikombe, kikombe hicho kiliishia kuwa changu mpaka sherehe imalizike. Mwenye kunitetea alikuwa na hoja moja tu. "Huyu alikuja hapa hivyohivyo wakati wa vita," alisema, "na mumewe si mnamwona?" Wakamtazama mume wangu, wakatulia. Kwa akili ya wakati ule, mke hawezi kuwa na ule ugonjwa mume akabaki na mwili kama ule. Niliishi chini ya kivuli cha unene wake, na nilijua.

Siku moja nilikwenda Bukoba kununua uzi na zipu kwa Mhindi mmoja, miongoni mwa wachache waliokuwa wamebaki mjini. Mkewe aliyaona macho yangu mekundu akaniuliza kama ninalala. Nikamwambia usingizi wangu ni wa kuibia. Akanielekeza chumba cha nyuma. Walikuwa wamempangisha daktari wa Kichina, mwanamke, na alisema huyo ndiye aliyemtibu magoti kwa sindano hata akaweza tena kusimama dukani.

Nilimkuta mama wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vya kitambaa. Kiswahili alijifunzia kusini, wakati mumewe akifanya kazi ya reli, na kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Hakuanza na maswali. Alinishika mkono, akaweka vidole vitatu juu ya mshipa, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Akahamia mkono wa pili. Akaniomba nitoe ulimi. Ndipo akauliza: viganja vina joto? Koo hukauka usiku? Choo kigumu? Hasira je?

"Hasira ninayo," nikasema, "lakini sidhani kama ni ugonjwa."

Alitabasamu. "Mama, wewe si mgonjwa. Mwili wako ni mkavu, na ndani una moto mdogo usiozimika. Ulizaliwa hivyo."

Nililia. Sikuona haya. Miaka yote ile kila jicho lilinisomea hukumu, na hapa ameketi mtu anayeniambia kwamba nilivyo ndivyo nilivyo. Aliniacha nilie, kisha akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba ule ugonjwa mwingine hauonekani kwenye ulimi wala kwenye mshipa, hupimwa kwa damu hospitali, nami niende nikapime. Nilikwenda baadaye pamoja na mume wangu. Hatukuwa nao, si mimi si yeye. Lakini majibu ya damu huwezi kuyavaa kichwani kama kilemba ukatembea nayo sokoni.

Siku ile ya kwanza alinieleza kwamba kwao wanahesabu miili tisa. Upo mmoja uliosawazika, ambao ni bahati, na minane iliyoelemea upande fulani. Uko wa mtu anayechoka kwa kuongea tu. Uko wa baridi, na hapo nikamwona mama mkwe wangu, anayekaa jikoni na kanga mbili jua likiwa kali. Uko wa kuhema na kununa, ambao damu na hamu yake havitembei. Huyo ni wifi yangu bila ubishi. Uko wa mtu anayevimba akila senene au akinusa vumbi. Nikafurahi, nikaendelea kuwagawa jamaa zangu mpaka nikasahau usingizi ulionipeleka kwake.

"Ninyi huku," alisema akinipimia majani makavu, "mnajua miili miwili tu. Mnene na mwembamba."

Alinieleza pia kwamba mwili wenyewe si ugonjwa, ila kila mwili una mlango wake ambao ugonjwa hupenda kuingilia. Wangu, nikiuacha, utaletewa kikohozi kikavu, moyo kwenda mbio na usingizi kukatika. Nipunguze pilipili na tangawizi, nile paapai na matango, niache kutafuna kahawa. Hapo nilimwambia kwamba kumkataza Mhaya kutafuna kahawa ni kumkataza kupokea wageni. Akasema basi nitafune mbele ya wageni tu.

Nikiwa mlangoni nikamuuliza, kwa utani, ule mwili wa mtu mwenye tumbo kubwa anayesinzia akila unaitwaje. Hakucheka. Akaniuliza kama mtu huyo anakoroma, kama ana makohozi asubuhi, kama mdomo wake huamka na utamu, kama jasho lake lina mafuta kwenye kola ya shati. Mimi ndiye niliyefua zile kola. Nikajibu ndiyo kwa yote.

"Mlete," akasema.

Alikuja akiwa na mizaha yake yote. Alipoombwa kutoa ulimi aliuliza kama unauzwa kwa kilo. Daktari alishika mshipa wake kwa muda mrefu kuliko alivyoshika wangu.

"Baba, una shamba?"

"Nina kibanja, mama. Migomba na kahawa."

"Sehemu ikituama maji, migomba inakuwaje?"

"Inanenepa shina, mama, halafu inaoza chini, inaanguka."

"Mwili wako umetuama," akasema. "Mwili wa namna hii hupenda kuingiwa na sukari, na presha, na kiharusi. Leo hii nenda hospitali upimwe presha. Usiende nyumbani kwanza."

Tukaenda. Muuguzi alimpima, akakunja uso, akampima tena, kisha akamwita mwenzake. Kwa hiyo Mchina na hospitali walikubaliana, jambo ambalo mume wangu alilalamikia njia nzima. Alipewa vidonge, ambavyo mara nyingi havikupatikana, na kote kuwili akaambiwa neno lilelile: punguza mwili. Basi liliposimama Kemondo wachuuzi waliinua samaki wa kukaanga madirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunyoosha mkono. Baba yake mzazi alikuwa ameanguka kibanjani akipalilia, mdomo umepinda, na hakuamka tena. Hakulitaja. Nilijua ndilo analofikiri.

Akajitahidi kweli. Aliacha samli, akaacha soda, akaacha lubisi, pombe yetu ya ndizi, hata msibani, akala majani kama sungura huku akiyatukana. Tulikwenda kwa miguu mpaka ziwani na kurudi. Msimu wa kahawa ulipokwisha alikuwa amekuwa mtu mwingine. Mkoromo ulikoma, nikawa naamka kusikiliza kama yu hai. Alipanda kilima bila kukagua mkungu hata mmoja. Presha ikashuka. Nilifurahi kama niliyeletewa mume mwingine, yule kijana wa mafungu ya mbuzi, na nilimtania kwamba nitamfungia tena nyuma ya pazia.

Nilichukua suruali zake nizipunguze. Akanishika mkono.

"Usiziguse, Mugole." Ndivyo alivyoniita, hata baada ya watoto wanne.

"Zinakuvuka."

"Acha zinivuke."

Akaanza kuvaa bukta ndani ya suruali, na sweta ndani ya koti, katika bucha, mchana wa jua. Hivyo ndivyo walivyovaa wagonjwa walioficha hali yao, na kila mtu Izigo alilifahamu vazi hilo. Nilimwambia, kwa hasira zangu zisizo ugonjwa, kwamba yeye ni mtu wa kwanza duniani mwenye afya aliyejivika mavazi ya mgonjwa. Akasema ana baridi.

Watu walikuwa wameshaona. Kwanza wateja waliomba nyama ikatwe na msaidizi wake. Kisha wakaanza kupita mbele ya bucha wakitazama barabara, wakienda kwa muuza nyama mwingine kule juu. Waliobaki walizungumza naye kwa upole, na upole ule ulimuumiza kuliko matusi. Aliwaeleza. Alisimama mlangoni akasema waziwazi kwamba amepungua kwa makusudi, kwa ushauri wa daktari, kwa sababu ya presha. Walitikisa vichwa kwa huruma. Nani aliwahi kusikia mtu akonde kwa hiari yake? Miaka ile kusema hivyo ilikuwa kama kukiri. Mama mkwe alileta kuku, akakaa akimwangalia akila, machozi yanamtiririka, na hakuna maelezo yaliyomwingia.

Jumapili moja baada ya kanisa baba yake mdogo akaja na wazee wawili wa ukoo. Walikalishwa, wakapewa kahawa ya kutafuna, wakasifu migomba, wakaulizia mvua. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma naandaa chakula. Baba mdogo alikohoa.

"Mwanangu, sisi hatukuja kukuuliza kitu. Mtu mzima haulizwi. Tumekuja useme maneno yako ungali na sauti. Kibanja nani, watoto nani."

"Baba, siumwi," mume wangu akasema.

"Tumesikia. Wote wanasema hivyo, na ni vizuri, inatia moyo. Lakini sema. Watoto ni wetu, hilo halina mjadala. Huyu mwanamke alikuja hapa vile alivyo, tukanyamaza. Hatutamfanyia ubaya. Atarudishwa kwao salama."

Niliingia na sinia. Nililiweka mezani kwa kishindo ambacho hakikulingana na heshima ninayopaswa kuwapa wakwe zangu. "Waitu, baba," nikasema, "mimi nipo hapa hapa, nasikia."

Mzee hakukasirika. Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wake watatu na alidhani anajua anachokiona.

"Mke wangu haondoki kwenye kibanja hiki," mume wangu akasema.

"Ukiwepo, haondoki," akajibu mzee.

Wakala, wakaaga.

Kesho yake asubuhi mume wangu aliniomba supu ya kwato. Nilidhani anatania. Alirudia ombi, akiwa ameketi kitako, mikono juu ya meza. Nikamwambia nikimpikia supu hiyo nitakuwa nimemchimbia kaburi. Nilipandisha sauti. Nilimtaja Mchina, nikamtaja muuguzi, nikamtaja na baba yake, jambo ambalo hatukuwahi kulitaja.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza."

"Basi nisikilize kidogo, utaendelea. Sote wawili tukiwa wembamba, nyumba hii imekwisha. Nikifa hivi nilivyo sasa, hata kama nimegongwa na lori, watasema ni ule ugonjwa, na kwamba ulikuja nao wewe. Utaondoka hapa na sanduku lako. Watoto utawaona kwa mbali, njiani. Lakini nikifa mnene, nani atakugusa?"

"Na usipokufa?"

"Nisipokufa tutazeeka, na utanisimanga kwamba nilikuwa mjinga." Akatabasamu. "Nipe supu, Mugole."

Sikumpa. Nilipigana naye kwa miezi. Nilificha samli, nikapika majani, nikafunga kabati. Mama mkwe alimpelekea vyakula bucha, vimefunikwa kwa majani ya mgomba, akifikiri anamwokoa mwanawe na kifo, na mimi nikaonekana mke anayemnyima mgonjwa chakula. Nilirudi Bukoba kwa yule daktari nikamwomba dawa ya kumwacha mtu mnene bila madhara. Alinipa majani, akanieleza namna ya kuyachemsha, akasema yatasaidia kidogo tu kama anaendelea kula hivyo. Nikamweleza kwa nini anakula. Aliweka vidole vyake juu ya meza, mahali ambapo mkono wa mgonjwa hulazwa.

"Mama," akasema, "hilo sikufundishwa."

Mashavu yakarudi. Shingo ikaota mikunjo. Sweta likavuliwa, kisha bukta, na suruali zikamkaa vizuri bila mimi kuzigusa. Mkoromo ukarudi, nikalala macho nikiusikiliza, na nilimchukia na kumpenda kwa pamoja. Wateja wakarejea mmoja mmoja, kwanza watoto waliotumwa, kisha mama zao, kisha wanaume waliosimama kupiga soga. Baba mdogo mwenyewe alikuja kununua maini. Akampiga mume wangu tumboni kwa kiganja, akacheka kwa furaha, macho yana machozi. Kanisani wanawake wakaanza kukaa karibu nami. Tulikaa hivyo kwa muda, na sitasema kwamba haukuwa muda mzuri. Mume wangu alikuwa mchangamfu kuliko wakati wowote. Alipanda miche ya kahawa upande wa chini wa kibanja, akapumzika kila baada ya mche.

Alianguka siku ya gulio, kabla ya adhuhuri. Aliinua shoka akate mbavu, likamtoka mkononi, akataka kulikemea na maneno hayakuja. Niliacha cherehani nikakimbia. Walimpakia kwenye gari la mizigo la mfanyabiashara wa kahawa, nikamshika kichwa mpaka Bukoba. Pale hospitali upande mmoja wa uso ulikuwa umelala, na jicho la upande mwingine likanitazama bila kubanduka. Niliongea naye sana. Nilimtukana, nikambembeleza, nikamwambia miche yake ya kahawa imeshika. Siku ya tatu akaondoka.

Nilikuwa na uchungu ambao haukuwa na pa kwenda, na kazi za msiba zikaendelea kunizunguka. Shemeji yangu alitumwa barabarani kununua jeneza. Mafundi wa miaka ile walikuwa nayo tayari, yamesimamishwa ukutani nje ya vibanda vyao, kwa kuwa biashara ilikuwa ya kila siku. Alizunguka kwa wote akarudi mikono mitupu. Yote yalikuwa membamba. Walikuwa wamezoea vipimo vya wafu wa wakati huo, na mume wangu hakuingia katika hata moja. Ikabidi fundi aitwe nyumbani, apime, apasue mbao upya. Alifanya kazi uani kwetu, na watu wakasimama wakimwangalia akipigilia ule upana. Niliwatazama kutoka mlangoni. Walikuwa wamefiwa, wengi wao walimpenda kweli, na walikuwa wanatabasamu.

Majeneza ya miaka ile yalifika yamepigiliwa misumari, hayakufunguliwa. Baba mdogo aliamuru hili liwekwe wazi, katikati ya ua, juani. Alisimama upande wa kichwa, akashika ukingo wa mbao kwa mkono mmoja, akapaza sauti ili hata waliokuwa barabarani wasikie.

"Mpiteni wote mmwangalie vizuri. Mtoto wetu hakuumwa kitu."

Wakapanga mstari. Walipita mmoja mmoja wakimtazama, wengine wakiinama kabisa, na kila aliyemaliza kutazama alikuja kwangu. Walinipa mkono. Wanawake ambao hawakuwa wamegusa kiganja changu kwa miaka walikishika kwa mikono yao miwili na hawakukiachia. Walikunywa maji kwenye vikombe vyangu. Watoto wangu walichukuliwa wakapakatwa, mmoja hapa, mwingine pale, wakafutwa kamasi kwa kanga za watu. Katika wajane wote niliowaona wakitolewa kwenye vibanja na masanduku yao kichwani, sikuwa nimewahi kuona mjane akishikwa namna ile.

Mama mmoja mzee, jirani yetu wa upande wa juu, alipiga magoti kwenye nyasi mbele yangu. Wanawe wote walikuwa wamekwenda, wamekonda, mmoja baada ya mwingine. Nguo zao nilizipunguza mimi. Alinitazama usoni kwa wivu ambao hakuuficha, na kwa huruma pia.

"Mshukuru Mungu, mwanangu," akaniambia. "Wako amekufa na mwili wake."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia kwamba mwili huo ndio uliomuua, kwamba alikuwa ameuacha na angeishi, na kwamba yeye na wote walio kwenye mstari ule ndio waliomrudisha mezani. Binti yangu mdogo alikuwa amelala mapajani kwa baba mdogo, kichwa kifuani kwa mzee, na mzee anampungia inzi.

"Namshukuru, mama," nikasema.